Alishinda, Soko Likamtoa

“Mjomba, nilikuwa nashinda. Wamenitoa.”

Hata shikamoo hakunipa, naye ni kijana ambaye hajawahi kunipita bila salamu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Oktoba 11, 2025. Tulikuwa kwenye kibanda cha chai nje ya soko la Mwaloni, Kirumba, malori ya dagaa yakipakia upande wa pili. Mpwa wangu alinisogezea simu juu ya meza, akaivuta kabla sijasoma, akanisogezea tena.

Mchana anauza chaja, kava na protekta za simu pale Makoroboi. Usiku anafanya fyucha za kripto, yaani mikataba ya kununua au kuuza sarafu za kidijitali kwa bei ya baadaye. Usiku ule alikuwa na mikataba miwili: mmoja wa kununua sarafu anayoiamini, mwingine wa kuuza sarafu ndogo asiyoiamini hata kidogo. Soko lote likianguka, ule wa pili ungemfidia hasara ya ule wa kwanza. Ni mpango wa mtu aliyekaa akafikiri.

Na soko likaanguka kweli. Karibu na saa sita za usiku wetu, Marekani ikiwa bado Ijumaa alasiri, Rais Trump alitangaza nyongeza ya ushuru wa asilimia 100 kwa bidhaa za China. Ndani ya dakika chache bei za kripto zilitumbukia. Ndani ya saa 24 mikataba ya zaidi ya dola bilioni 19 ilikuwa imefungwa kwa nguvu, kiasi ambacho hakijawahi kuonekana tangu biashara hii ianze.

Mkataba wake wa kuuza ulikuwa unaingiza faida nzuri. Kisha soko lenyewe, ile kampuni anayofanyia biashara, likaufunga. Hakugusa kitufe chochote. Ujumbe ulikuja tu kwamba mkataba umefungwa katika utaratibu wa kupunguza mikataba. Dakika chache baadaye ule wa kununua, uliobaki peke yake bila kinga, ukamaliza dhamana, yaani fedha aliyoiweka, na kuungua.

Aliyeunguza akaunti namwelewa. Mwanza hii kila kijiwe kina wa kwake. Aliyekuwa upande sahihi akatolewa nje, huyo sikumwelewa.

Swali hilo limenisumbua majuma kadhaa, mpaka nikaamua kulifuata linakokwenda.

## Gunia lisilofika

Kwa mama yangu ni Muleba, mkoani Kagera, na kule biashara ya kuuza leo kitu cha kesho si ngeni. Inaitwa butura. Mkulima ana ada ya mtoto, au ana mgonjwa, na kahawa yake bado ni maua. Mnunuzi anakuja na fedha mkononi, anainunua kahawa ikiwa juu ya mti kwa bei ya kutupa, msimu ukifika anarudi na gunia. Viongozi wamepita wengi, marufuku zimetolewa nyingi, na butura ipo.

Siitetei. Imewafukarisha watu ninaowajua. Lakini mwisho wake unaeleweka: gunia linatoka uani kwa mkulima, linapanda pikapu ya mnunuzi, deni limekwisha. Mnunuzi anamjua mkulima, anajua mpaka wa shamba lake, anawajua hadi shemeji zake. Kahawa isipoonekana, anajua mlango wa kugonga.

Kwa hiyo nilianza kwa kumwuliza mpwa wangu: ule mkataba wako wa kuuza, zile sarafu ungemkabidhi nani?

Akacheka. “Mjomba, sina hata moja.”

Hana hata moja, na aliyenunua kwake hakutarajia kupewa. Walichouziana ni tofauti ya bei.

Mtu anaweza kudhani huu ni uhuni ulioletwa na intaneti. Hapana. Kule Osaka, Japani, soko la mchele la Dojima lilitambuliwa na utawala wa shoguni mwaka 1730, na sehemu ya biashara yake ilikuwa ya mchele wa kwenye daftari tu: watu walinunua, wakauza, mwishoni wakalipana tofauti bila punje kuhama. Chicago, mji ambao umeifanya biashara ya fyucha kuwa ya dunia nzima, ulichelewa sana. Mkataba wake wa kwanza wa kumalizwa kwa fedha badala ya bidhaa ulianza mwaka 1981, nao ulihusu riba za dola zilizowekwa kwenye benki za nje ya Marekani.

Desemba 2017, soko la CME la huko huko Chicago lilipofungua fyucha za Bitcoin, lilifuata njia hiyo. Mkataba mmoja ni wa Bitcoin 5, lakini hakuna Bitcoin inayohama. Ukinunua kwa dola 60,000 na mkataba ukaishia kwenye dola 58,000, umepoteza dola 2,000 mara 5, yaani dola 10,000, na hizo zinakwenda kwa waliouza. Tena hazisubiri siku ya mwisho. Kila siku ya biashara hesabu inapigwa: aliyepoteza anakatwa, aliyepata anaongezewa, na asiyekuwa na salio la kutosha anatakiwa aongeze dhamana. Siku ya kufunga mkataba inabaki tofauti ya siku hiyo peke yake.

Wapo waliotaka kuleta gunia lenyewe. Septemba 2019 soko la Bakkt lilifungua mikataba ambayo mwishoni mnunuzi anakabidhiwa Bitcoin. Lakini njia iliyotawala ni ile ya fedha, na sababu si ngumu kuiona. Mifuko mikubwa ya uwekezaji inataka faida ya bei bila kazi ya kutunza funguo za siri za sarafu.

Kuna sababu nyingine pia ya watu kuogopa bidhaa, na hii ninaisimulia kwa sababu kila nikiikumbuka natikisa kichwa. Aprili 20, 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, mkataba wa Mei wa mafuta ghafi ya Marekani ulifunga kwenye dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Mkataba ule unamalizwa kwa mafuta yenyewe, kwenye matangi ya Cushing, jimbo la Oklahoma, na nafasi ya kuhifadhi ilikuwa imekwisha au imeshachukuliwa na watu. Aliyenunua karatasi bila kuwa na tangi alijikuta anamlipa mtu amwondolee mafuta.

## Nani anaitamka bei?

Gunia likiondoka, kinachobaki ni namba. Sasa nani ana mamlaka ya kusema namba ya mwisho ni hii?

Hapa ndipo nilipotegemea kukuta mwizi. Nilikuta kitu kingine.

CME haitumii bei inayoonekana kwenye skrini yake sekunde mkataba unapoisha. Inatumia bei ya rejea inayokokotolewa na kampuni ya CF Benchmarks, na mkataba wa mwezi unafungwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo, saa 10 jioni ya London. Kwetu hiyo ni saa 12 jioni wao wakiwa kwenye majira ya joto, na saa 1 usiku wakiwa kwenye baridi: muda ambao mitumbwi ya dagaa inajiandaa kuingia ziwani na karabai zake, au taa za sola siku hizi.

Wanachofanya ni hiki. Wanachukua mauzo yote ya Bitcoin kwa dola yaliyofanyika katika saa moja kabla ya hapo, kwenye masoko kadhaa waliyoyachagua, kama Coinbase, Kraken na Bitstamp. Saa hiyo wanaikata vipande 12 vya dakika tano tano. Katika kila kipande wanatafuta bei ya katikati, ile ambayo nusu ya kiasi kilichouzwa kiko juu yake na nusu kiko chini yake. Kisha wanajumlisha bei hizo 12 na kugawanya kwa 12.

Nilipochora hili kwenye karatasi nililipenda. Mchukulie tajiri mwenye mikataba mingi anayetaka bei imalizikie juu. Akivamia dakika ya mwisho na kununua kwa fujo, amegusa kipande kimoja kati ya 12. Na ndani ya kipande hicho, muuzo mdogo wa bei ya kichaa hauwezi kuiburuta bei ya katikati jinsi ambavyo ungeburuta wastani wa kawaida. Itambidi anunue kwa saa nzima, kwenye masoko yote yale, na kufikia hapo pengine fedha ya kuhonga bei imeshazidi faida aliyokuwa anaiwinda.

Si wote walioanza hivyo. Soko la Cboe, pia la Chicago, lililotangulia CME kwa wiki moja mwezi ule ule wa Desemba 2017, lilimalizia mikataba yake kwa bei ya mnada mmoja kwenye soko moja, Gemini. Mwaka 2019 liliacha kufungua mikataba mipya ya Bitcoin. Sidai kwamba bei ya mnada ndiyo iliyoliondoa, ila kama ningeulizwa ningechagua ile ya vipande 12. Deribit, soko wanalolijua zaidi watu wa kripto wenyewe, linachukua wastani wa nusu saa ya mwisho kabla ya saa 5 asubuhi ya kwetu.

Kwa hiyo swali la bei lina majibu ya kuridhisha.

Tatizo ni kwamba halikuwa swali la mpwa wangu. Yeye hakulalamikia bei.

## Mkataba usio na siku ya mwisho

Vijana wengi wa Mwanza hawajawahi kugusa mkataba wa CME. Hata ule mdogo wa sehemu ya kumi ya Bitcoin, uliofunguliwa Mei 2021, unahitaji wakala wa kimataifa na dhamana ambayo muuza kava hana. Wanachofanya ni ile mikataba ya kudumu, isiyo na Ijumaa ya mwisho.

Wazo lake lilitoka kwa msomi, si kwa mcheza kamari. Robert Shiller, mwanauchumi wa Marekani aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2013, aliliandika mwaka 1993 akifikiria vitu kama nyumba, ambavyo bei yake ni ngumu kuipima. Mwaka 2016 soko la BitMEX likalihamishia kwenye Bitcoin, na leo ndiyo fyucha inayouzwa kuliko zote kwenye kripto.

Kama hakuna siku ya kufunga, nini kinaizuia bei ya mkataba isiende zake na kuiacha bei ya sarafu yenyewe? Malipo madogo ya mara kwa mara. Kwenye masoko mengi makubwa ni kila baada ya saa nane: saa 9 usiku, saa 5 asubuhi na saa 1 usiku kwa saa za kwetu. Mkataba ukiwa ghali kuliko sarafu, walionunua wanawalipa waliouza. Ukiwa rahisi, waliouza wanawalipa walionunua. Upande wenye watu wengi unatozwa kwa ajili ya upande wenye wachache, na polepole bei mbili zinarudi karibu.

Ukilitazama vizuri, kufunga hesabu hakukufutwa. Kumemwagwa mwaka mzima, mara tatu kwa siku, na hakuna anayekukumbusha.

Mpwa wangu alikuwa ameweka kengele ya simu saa 9 kasoro usiku ili aamue abaki au atoke kabla ya malipo. Dada yangu alidhani anaamka kusali, akawa anamsifia kwa majirani.

## Fedha ya mshindi iko mfukoni mwa nani

Sasa tufike kwenye usiku wenyewe.

Chukua mtu aliyeweka dhamana ya dola 100 na kutumia levereji, yaani kushika mkataba mkubwa kuliko fedha yake, ya mara 20. Ameshika mkataba wa dola 2,000. Bei ikimwendea kinyume kwa asilimia 5, dola 100 zote zimekwisha. Soko halingojei afike huko; linataka abakiwe na kitu, tuseme nusu asilimia ya mkataba, ambayo ni dola 10. Kwa hiyo kwenye asilimia 4.5 linamnyang’anya mkataba na kumtafuta mtu wa kuuchukua.

Siku ya kawaida mtu huyo anapatikana haraka. Mkataba unauzwa kwa bei nzuri kidogo kuliko ile ya kumaliza kabisa dhamana ya mwenyewe, na kwenye masoko mengi kinachobaki kinaingia kwenye mfuko wa akiba wa soko.

Usiku wa Oktoba 10 wanunuzi walipotea. Kwenye sarafu ndogo ndogo hali ilikuwa mbaya zaidi. Bei haikushuka ngazi kwa ngazi, ilidondoka. Mwenye dhamana ya dola 100 akajikuta kwenye hasara ya dola 300. Dola 200 za ziada hana. Hakuziweka sokoni, na soko halina namna ya kumfuata alipo, awe Lagos, Seoul au Igoma.

Lakini zile 200 tayari zinaonekana kwenye skrini ya mtu mwingine, kwa rangi ya kijani, zikiitwa faida.

Nilisimama hapo siku nyingi kuliko mahali pengine popote kwenye jambo hili. Faida ya mpwa wangu haikuwa imekaa kwenye sanduku la soko ikimsubiri. Ilikuwa deni la watu asiowajua, walioweka kidogo na kuzidisha mara 20, mara 50, mara 100. Na kadiri alivyokuwa anashinda kwa kasi, ndivyo wadaiwa wake walivyokuwa wanafilisika kwa kasi ile ile. Kwenye butura mnunuzi anaomba mvua inyeshe na mkulima awe na afya, maana asipovuna hakuna gunia. Kwenye fyucha mshindi anashangilia kiangazi, akisahau kwamba gunia lake linatoka kwenye shamba hilo hilo.

Deni lisilolipika linashughulikiwa kwa hatua. Kwanza mfuko wa akiba unaziba. Mfuko ukizidiwa, soko linauchukua mkataba wa aliyefilisika, linaukutanisha na mkataba wa mshindi wa upande wa pili, na kuifunga yote miwili kwa ile bei ambayo dhamana ya aliyefilisika inaishia. Mshindi anapata faida yake mpaka hapo. Zaidi ya hapo hakuna wa kumlipa, kwa hiyo hakuna mkataba.

Na washindi hawachaguliwi kwa bahati nasibu. Wanapangwa foleni. Mwenye faida kubwa na levereji kubwa anakuwa mbele.

Mpwa wangu alikuwa na vyote viwili. Aliiongeza levereji ya mkataba wa kuuza kwa sababu aliuona kuwa ni kinga tu, na kinga haihitaji kuwekewa fedha nyingi. Hesabu yake haikuwa na kasoro ndani ya daftari lake. Ila foleni haijui kwamba mkataba huu ni kinga ya ule. Inaona mkataba mmoja wenye faida nono, inauita.

Wazee wa mchezo huu wanakumbuka utaratibu mchungu zaidi. Mwishoni mwa Julai 2018, kwenye soko la OKEx, mteja mmoja alikuwa ameshika mkataba wa kununua Bitcoin wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 400. Bei ikashuka, ukafungwa kwa nguvu, wa kuuchukua kwa bei ile hakuwepo, na mfuko wa akiba haukutosha. Wakati wa kufunga hesabu za wiki ulipofika, soko lilikata kipande cha faida ya washindi wote, hadi wale ambao hawakuwahi kusikia habari za mteja huyo, ili kuziba shimo lake.

## Akanitumia nikeli

Nilikuwa nimeshaandika nusu ya makala hii, na ilikuwa inaelekea kwenye hukumu rahisi. Nilimwambia mpwa wangu: haya yanatokea kwenu kwa sababu mnacheza kwenye masoko ya uchochoroni. Kwenye masoko ya wakubwa, katikati ya kila mnunuzi na muuzaji inakaa taasisi ya kufunga hesabu. Kwa mnunuzi yeye ndiye muuzaji, kwa muuzaji yeye ndiye mnunuzi. Nyuma yake kuna dhamana za wanachama, kuna mfuko wa wanachama wote, kuna mtaji wa soko lenyewe. Mshindi analala.

Jioni akanitumia picha ya habari ya nikeli. Chini yake: “Na hawa, mjomba?”

Machi 8, 2022, majuma mawili hivi baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya nikeli kwenye soko la London Metal Exchange ilipanda kwa fujo hadi kuvuka dola 100,000 kwa tani. Kampuni kubwa ya Kichina, Tsingshan, ilikuwa imeuza kwa wingi ikitegemea bei ishuke. Wanachama walitakiwa kuongeza dhamana za mabilioni. Soko lilisimamisha biashara, halafu likafanya jambo ambalo hata soko langu la uchochoroni halikufanya: lilifuta mauzo ya asubuhi ile, ya takriban dola bilioni 12, kana kwamba hayakutokea. Hoja yake ilikuwa kwamba bila kufanya hivyo wanachama kadhaa wangefilisika na kuburuta wengine.

Soko lile limekuwapo tangu 1877. Na nikeli ndiyo hiyo hiyo iliyolala ardhini Kabanga, wilayani Ngara, ambayo watu wa Kanda ya Ziwa tumeahidiwa utajiri wake tangu mimi nikiwa shule.

Sasa mpwa wangu alipewa faida hadi mahali fulani na kufungiwa. Waliokuwa wameuza nikeli kwa faida asubuhi ile walifutiwa biashara nzima. Kati ya hao wawili, nani ameonewa zaidi?

Nimelizungusha swali hili na sijafika mahali pa kutulia. Tofauti ninayoiona ni moja tu. Washindi wa London walikuwa na pa kwenda. Mfuko wa uwekezaji wa Elliott na kampuni ya biashara ya masoko ya Jane Street walilishitaki soko. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilikataa madai yao, na Oktoba 2024 rufaa ya Elliott nayo ikakataliwa. Walishindwa. Lakini soko liliitwa, likaulizwa nani aliamua, saa ngapi, kwa taarifa gani, na majibu yameandikwa kwenye hukumu ambayo hata mimi hapa Mwanza nimeweza kuisoma.

Mpwa wangu amwite nani?

## Kodi tunaijua

Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja hapa hapa Mwanza kufungua jengo la tawi la Benki Kuu, na katika hotuba yake akaitaka benki ianze kujiandaa kwa ajili ya sarafu za kidijitali. Vijana wa mjini walilichukua neno lile kama baraka. Nakumbuka kelele za mitandaoni. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali.

Kwa hiyo serikali imeshasema itachukua nini ukishinda. Ukishinda halafu ukafungiwa, bado uko peke yako na huduma kwa wateja, ambayo kwa mpwa wangu ilikuwa roboti ya kujibu meseji, yenye heshima kuliko binadamu na isiyojua lolote.

Soko lenyewe silitaji, na si kwa woga. Niliomba vigezo na masharti aliyoyakubali, kurasa nyingi za maandishi madogo, nikaipata ibara. Imeandikwa wazi: mfuko wa akiba ukizidiwa, mikataba yenye faida inaweza kufungwa bila ridhaa ya mwenyewe, kwa kufuata foleni. Walifanya walichoandika. Alikubali asichosoma, kama sisi sote.

Nilipomwonyesha ibara hiyo nilitegemea akasirike. Badala yake akawa wakili wao.

“Ungetaka nani alipe, mjomba? Wangeniachia faida yote, soko likafa, kesho yake mimi na walioshinda na walioshindwa tungekosa hata dhamana zetu.”

Hapo alinibana. Nilimjibu kwamba basi wamwambie mtu kabla hajaingia: mfuko wa akiba una kiasi gani, na mikataba iliyo wazi ina kiasi gani, namba mbili tu, ukurasa wa mbele. Akasema masoko mengi yanauonyesha mfuko, ni watu hawaendi kuangalia. Halafu akanifungulia simu na kunionyesha kitu ambacho kilikuwa pale siku zote pembeni ya kila mkataba wake: vitaa vidogo vitano vilivyopangwa safu. Vinaonyesha nafasi yako kwenye ile foleni ya kufungiwa. Vikiwaka vyote, wa kwanza kuitwa ni wewe. Alikuwa akivitazama kila usiku, akidhani ni nguvu ya mtandao.

Siku hizi vikifika vinne anafunga nusu ya mkataba mwenyewe. Levereji ameishusha hadi mara mbili, na mkataba wa kinga ameupa fedha sawa na mwenzake. Faida imekuwa ndogo kiasi kwamba kuna wiki protekta za simu zinaishinda.

Dada yangu anataka aache kabisa. Hilo sijaliingilia.